Kijiko kimejaa, tairi za nyuma zinateleza? Weka uzito nyuma

Vijana wenzangu wa Muheza, Pangani na Mkinga, masika ikianza kilio ni kile kile: trekta dogo likibeba samadi kwa kijiko cha mbele, tairi za nyuma zinazunguka bure. Usikimbilie kununua tairi mpya. Mzigo wa mbele unainua nyuma kama pembea. Nyuma ikiwa nyepesi unakosa nguvu ya kusukuma, na breki pia, maana kwenye matrekta mengi madogo breki ziko nyuma.

Fanya hivi:

1. Funga uzito kwenye mikono ya nyuma. Nusu pipa la lita 200 lililojazwa zege lina kama kilo 240. Angalia kwanza kitabu cha trekta kinaruhusu kilo ngapi.

2. Jaza maji tairi za nyuma, karibu robo tatu. Huku pwani hakuna barafu, maji ya kawaida yanatosha.

3. Tembea kijiko kikiwa chini, usawa wa goti.

4. Kwenye mteremko usikate kwa ubavu. Ukihisi linalala, shusha kijiko chini hapo hapo.

Tairi inanunuliwa dukani, uhai hauuzwi.