Uende Bulaya, ao Ubaki Nyumbani?

Kijana mpenzi, keti hapa kidogo tuzungumze.

Jioni, kule Banalia kando ya mto Aruwimi, watoto wanacheza mupira mpaka giza. Uliza mmoja: "Unataka kuwa nani?" Atajibu upesi: "Nitaenda Bulaya, nitacheza kule!" Mama yake anasikia, ananyamaza. Anafurahi, lakini roho inamuuma pia. Mutoto akienda, atarudi? Atakumbuka lugha yetu na wazee wetu?

Mashaka haya si mapya. Ona maisha ya Dikembe Mutombo.

Alizaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966. Mwaka 1987 alikwenda Marekani, chuo kikuu cha Georgetown, kwa msaada wa masomo. Alifuata basket? Hapana, alitaka kuwa munganga! Lakini alikuwa mrefu sana, mita 2 na sentimita 18, na mwalimu wa timu ya chuo akamwita uwanjani. Udaktari ukamponyoka, ila masomo hakuyaacha. Alisoma lugha na diplomasia, akamaliza mwaka 1991. Ndipo akaingia NBA, akacheza misimu 18, akachaguliwa mara 4 kuwa mlinzi bora.

Pesa ikaja, jina likaja. Mwaka 2006 akapata hata uraia wa Marekani. Je, alikata mizizi yake?

Sikia. Mwaka 1996 dada zetu wa timu ya basket ya Zaire walikwenda kwenye michezo ya Olimpiki kule Atlanta. Mutombo ndiye aliyelipa nguo zao za kuchezea na gharama zao. Tena, mama yake Biamba Marie alifariki Kinshasa, sababu machafuko ya mji yalimzuia kufika hospitali. Mwana hakulia tu. Alitoa dola milioni 15 za mfuko wake, na hospitali kubwa ikajengwa Kinshasa, ikafunguliwa mwaka 2007. Ina jina la mama yake. Yeye hakuwa munganga, lakini waganga wanatibu watu ndani ya nyumba aliyojenga. Mutombo alifariki tarehe 30 Septemba 2024. Hospitali imebaki.

Na mwenye kubaki?

Usifikiri kubaki ni kushindwa. Robert Kidiaba alilinda lango la TP Mazembe ya Lubumbashi, mji wa shaba. Mwezi wa 12 mwaka 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe ilipiga Internacional ya Brazili 2-0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Fainali Inter ya Italia ilishinda 3-0, lakini dunia nzima ilimwona Kidiaba wetu akirukaruka kwa makalio kwa furaha!

Basi, kwenda ao kubaki si swali lenyewe. Swali ni hili: ukipata, utakuwa mutoto wa nani?

Kijana, usiache kalasi kwa ajili ya mupira, wala kwa ajili ya machimbo. Mguu unaweza kuvunjika, masomo hayavunjiki. Mzazi, usiuze kiwanja kumlipa mtu anayeahidi timu ya Bulaya. Timu inayomtaka mchezaji kweli haiombi baba yake pesa. Lakini usimfunge mutoto kwa machozi pia. Mfundishe lugha yako na majina ya wazee wake angali nyumbani. Huo ndio mzigo usiolipiwa kwenye ndege.

Leo usiku, mbele ya chakula, ulizaneni swali hilo.