Mutoto Wetu Yuko Staji ku Banki



Wakati wa vakansi, ao mbele ya kumaliza masomo ya juu, vijana wengi wa Butembo na Beni wanavaa shati safi asubuhi na kwenda kufanya staji. Wale wanaosoma mambo ya uchumi, kama vile ku Université Catholique du Graben iliyoanzishwa na Askofu Emmanuel Kataliko katika mwaka wa 1989, wanatafuta nafasi ku banki ao ku koperative ya akiba. Nyumbani munasema kwa furaha: "Mutoto wetu yuko ku banki!" Majirani wanasikia na kufikiri kwamba feza imeingia nyumbani mwenu. Kumbe, mara nyingi stajieri halipwi hata franga moja. Ni wazazi ndio wanatafuta feza ya pikipiki ya kumufikisha kazini.

Sasa staji inafaa nini? Ulizo lile nililisikia kwa mama mumoja, ambaye bwana yake anachimba zahabu upande wa Manguredjipa. Ni ulizo la haki. Basi nikazungumza na binti yake, aliyemaliza mwezi mumoja wa staji katika banki moja ya muji wetu. Mambo aliyonieleza yanafaa kusikiwa na kila jamaa inayokula feza ya shimo.

KARATASI MBELE YA FEZA

Binti yule alifikiri kwamba siku ya kwanza atahesabu dola. Hapana. Juma nzima alipanga karatasi. Kwa kila konti kuna mufuko wake: picha ya mwenye konti, kopi ya karata ya muchaguzi, namna anavyotia mukono wake, na jina la mutu wa kuitwa kama kunatokea jambo. Karatasi moja ikikosa, mukubwa wa kazi anarudisha yote.

"Nilichoka, niliona ni mateso ya bure," akaniambia. Lakini siku moja mutu akakuja kutoa feza, na namna alivyotia mukono haikufanana na ile iliyokuwa katika mufuko. Hakupewa kitu. Hapo binti akafahamu: karatasi ndiyo mulango, na kufuli ni ule mukono wako.

Juma la pili akawekwa karibu na gishe. Akajifunza kugeuza dola moja moja, kutazama kama imepasuka, maana sisi wote tunajua kwamba katika inchi yetu dola yenye kupasuka kidogo tu inakataliwa sokoni. Akajifunza pia neno hili: hesabu feza mbele ya macho ya mwenyewe, hata kama ni mutu unayemuheshimu sana. Kuhesabu mbele yake si kumuzarau, ni kumulinda.

DOLA 90 ZILIZOZIDI

Mangaribi moja, wakati wa kufunga sanduku, hesabu haikuingiliana. Feza iliyokuwa mukononi ilizidi kitabu kwa dola 90. Mahali pengine watu wangeshangilia. Lakini ku banki hakuna feza isiyo na mwenyewe. Hakuna mutu aliyeruhusiwa kurudi nyumbani.

Karani mumoja wa zamani akamuuliza binti: "90 inagawanyika kwa 9?" Akajibu ndiyo. "Basi tafuta mahali namba 2 zimegeuzwa." Hii ni hila ya wahesabu ya tangu zamani: ukigeuza namba 2 zinazofuatana, tofauti inagawanyika kwa 9 sikuzote. Wakatafuta karatasi kwa karatasi. Mama mumoja wa sokoni alileta dola 540, na katika kitabu waliandika 450. Konti yake ikatengenezwa jioni ileile. Yule mama alikuwa amelala bila kujua kwamba watu 6 walibaki kazini juu yake.

Musomaji, tazama tena jambo hili. Kama yule mama angekuwa ametupa karatasi yake, na kama wale makarani wangekuwa watu wa kugawanya "baraka," nani angemusaidia? Kwa hiyo usitoke ku gishe bila karatasi, na usiitupe. Soma namba iliyoandikwa mbele ya kuondoka. Kama hujui kusoma, mwite mutoto wako akusomee palepale.

ULIZO LA MUJOMBA

Jaribu kubwa halikutoka ndani ya banki, lilitoka nyumbani. Mujomba wake, naye ni muchimbaji, alishuka kutoka chimo na magomvi. Mwenzake wa shimo alisema hana feza ya kulipa sehemu yake ya pompe na ya chakula cha wafanyakazi. Mujomba hakumuamini. Akamuita binti pembeni: "Mama, wewe uko ndani kule. Tazama tu konti yake, uniambie kama iko na kitu. Mimi ni damu yako."

Munafahamu uzito wa neno lile. Kwetu, mujomba si mutu wa kukataliwa ovyo. Na huyu ndiye aliyekuwa ameahidi kulipa sehemu ya minervali ya mwaka ule. Binti hakulala. Asubuhi akajibu kwa heshima, akiwa amepiga magoti: "Mujomba, kama leo ninakuonyesha konti yake, kesho mwingine ataonyeshwa yako. Siwezi."

Mujomba akaondoka bila kuaga. Mama akalia, akamwambia binti yake: "Umejikatia masomo kwa kinywa chako." Kwa majuma mengi hakukuwa habari.

Ninyi wazazi, ni mara ngapi tunawaingiza watoto wetu katika jaribu la namna hii? Mutoto akipata nafasi ndogo ku ofisi, mara moja jamaa inaomba apitishe karatasi, aharakishe deni, afungue siri. Kisha siku anapofukuzwa, tunasema ni wivu wa watu. Stajieri hana mukataba wa kazi wa kumulinda. Neno moja la siri likitoka, kazi imekwisha, na jina lake linaharibika katika muji ambamo wafanyabiashara wote wanajuana.

WOGA WA WAZEE UKO NA SABABU

Mujomba akarudi, si kwa kuomba radhi, lakini kwa kubishana. "Banki zenu ni wezi," akasema. Binti hakumucheka, maana wazee hawaogopi bure. Mwisho wa mwezi wa 12 wa mwaka wa 1979, serikali ya Mobutu iliondoa gafula noti za zaire 5 na 10. Waliokuwa mbali na banki walibaki na karatasi za kuwashia moto. Mwaka wa 1993 ikaletwa zaire mupya: moja ilichukua nafasi ya zaire 3.000.000 za zamani. Mwaka wa 1998 franga ikakuja, moja kwa zaire mupya 100.000. Na mwaka wa 2016, banki iliyoitwa BIAC ilikosa feza za kutosha. Watu wakawekewa kipimo cha kutoa, na Banki Kuu ikakamata uongozi wake.

Lakini binti akamuuliza: "Mujomba, mwaka wa 1979, ni nani walipoteza sana? Si wale walioficha noti chini ya kitanda?" Mujomba akanyamaza.

Ukweli ni kwamba kila mahali pa kuweka feza pana hatari yake. Chini ya kitanda kuna wezi, moto, panya, na ile siku ya kukimbia vita bila kuchukua kitu. Likelemba na AVEC ni vizuri kwa akiba ndogo na kwa kujuana, lakini sanduku lake linalala katika nyumba ya mutu. Koperative za akiba ziliwekewa sheria yao tarehe 2 mwezi wa 2 mwaka wa 2002, na zinapaswa kuwa na ruhusa ya Banki Kuu: uliza ile ruhusa, usione haya. Na mutu akikuahidi kwamba feza yako itazaa mara mbili kwa mwezi, kimbia.

Neno moja kwa akina mama. Zamani sheria ya jamaa ilimuomba mwanamuke mwenye bwana apate ruhusa ya bwana yake kwa matendo ya sheria. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka wa 2016 iliondoa ruhusa ile. Mama anaweza kufungua konti yake mwenyewe. Ni vizuri hata hivyo bwana na bibi waambiane, maana shimo linaweza kuanguka, na konti isiyojulikana na mutu nyumbani ni taabu kwa wajane na yatima.

STAJI INAFAA NINI, BASI?

Mujomba hakuweka feza yote ku banki. Alifungua konti moja ya minervali ya watoto wake. Feza ya kazi ya shimo anaitunza namna yake. Minervali ya binti hajailipa mupaka leo, na mama anauza unga kwa kuitafuta. Lakini mujomba alichagua banki ileile ambamo alikatazwa siri. Nilipomuuliza sababu, akasema tu: "Kule wanafunga kinywa."

Ndiyo mushahara wa staji ile. Mutoto wako akirudi na raporo yake, usimuulize tu, "Wamekupa nini?" Zungumzeni nyumbani maulizo haya:

1. Karatasi zetu za feza ziko wapi, na ni nani mwingine anajua mahali pale?

2. Mwezi huu ukikatika bila zahabu, akiba yetu itatulisha siku ngapi?

3. Je, kuna siri ya kazi tunayomulazimisha mutoto wetu kufungua?