Upana wa Reli na Mipangilio ya Msimbo

Reli iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 chini ya Wajerumani, na ile ya Uganda iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 chini ya Waingereza, zilikuwa mali ya madola mawili yaliyohasimiana. Hata hivyo zote mbili zilitandikwa kwa upana wa mita moja, na ndiyo maana Waingereza, walipotoa tawi Voi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kulifikisha Kahe, kwenye reli ya Tanga, waliweza kupitisha mabehewa bila ya kuyapakua. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina upana wa milimita 1,067. Tafauti hiyo ya milimita 67, ambayo kiganja chaweza kuifunika, yatosha kuilazimu shehena ihamishwe kutoka behewa hili hadi lile huko Kidatu, TAZARA inapokutana na reli ya mita moja.

Sisi tuandikao programu za kompyuta, hata tuliojitenga na kelele za mjini huku Raskazone, twaijua kadhia hiyo vyema. Chukua OpenMRS, programu ya kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa, iliyoasisiwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, ambayo msimbo wake huandikwa na watu wa nchi nyingi wasioonana kwa macho. Huyu husogeza mstari kwa kitufe cha Tab, yule kwa nafasi nne, na kiooni mistari yao yaweza kufanana kabisa; lakini chombo kinachotunza historia ya msimbo hulinganisha herufi kwa herufi, wala hakidanganyiki na sura.

Tuseme mwandishi amefungua faili lenye mistari 900 ili asahihishe tarakimu moja tu ya kipimo cha dawa, na programu yake ya kuandikia, kwa mazoea iliyofundishwa na mwenyewe, ikaipanga upya mistari yote alipohifadhi. Mkaguzi huletewa mistari 900 iliyogeuka, na ile tarakimu, ambayo uhai wa mtu waweza kuitegemea, imezama humo kama sindano katika marobota ya katani. Mimi silioni hili kuwa jambo la unadhifu. Ni jambo la amana.

Dawa yake ni kwamba mipangilio isikae katika kompyuta ya kila mtu, bali isafiri pamoja na msimbo. OpenMRS imeweka kanuni za uandishi katika faili lililomo ndani ya mradi wenyewe, na Maven, chombo kinachoujenga, huupanga msimbo kwa kanuni hizo. Miradi mingine hutia faili dogo liitwalo .editorconfig, ambalo programu nyingi za kuandikia hulisoma na kulitii, nalo hutaja hata alama ya kumaliza mstari. Maana Windows aghalabu humaliza kwa alama mbili na Linux kwa moja, na hati ya amri iliyopita Windows yaweza kukataa katakata kufanya kazi kwenye seva. Make, chombo cha ujenzi alichokibuni Stuart Feldman mwaka 1976, ni kikali zaidi: amri zake zisipotanguliwa na Tab, huzikataa.

Tab au nafasi? Lolote na lichaguliwe, maadamu ni moja. Najua kuchagua kuna uchungu: Kiunguja kilipofanywa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, wenye Kimvita na Kiamu hawakukosa la kunung'unikia, na manung'uniko yao yalikuwa na haki. Basi wenye mradi na washauriane kwanza, kisha msimbo wote upangwe siku moja, peke yake, pasipo kuchanganywa na sahihisho jingine lolote, ili historia yake isomeke.

Hapo kijana mgeni akiuchukua msimbo asubuhi, kompyuta yake huzipokea kanuni pamoja nao kabla hajauliza. Na adhuhuri, akirudisha kazi yake ya kwanza, mkaguzi huona mstari mmoja umegeuka, na ndani yake tarakimu moja.