Zamu ya Mchana na Zamu ya Usiku

Mfanyakazi wa kiwandani ajua maana ya zamu: mashine moja hutumiwa na watu wawili pasipo ugomvi, mradi kila mmoja aheshimu saa zake. Wanyama nao wana zamu zao.

Kutoka kwetu Nakwa, mjini Babati, si safari ndefu kufika Tarangire, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970. Humo simba na duma huwinda katika mbuga moja. Simba huwinda hasa usiku. Duma, aliye mnyonge kwake, huwinda hasa mchana, simba wakiwa wamelala kivulini. Wakutanapo, simba humnyang'anya nyama na kumwulia watoto.

Utaratibu huo twaweza kuuvunja sisi. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza uchunguzi juu ya aina 62 za wanyama katika mabara sita: palipo na watu wengi, wanyama huzidisha shughuli zao usiku. Duma akihamia usiku, atamkuta simba.

Ndugu, njia ya wanyama ya Kwakuchinja, baina ya Tarangire na Ziwa Manyara, imo mkoani mwetu. Tusiisonge. Tukiwaachia ardhi, tuwaachie na mchana wao.