Kifurushi kikikwama ng'ambo, muuzaji wa mtandaoni afanye nini?

WAHENGA walisema kawia ufike. Hata hivyo, methali hiyo haimtulizi mteja aliyeko London au Chicago ambaye alilipia kikapu cha mkonge wiki sita zilizopita, akatuma barua pepe tatu kuuliza kilipo, na hajajibiwa hata moja.

Kwa wafanyabiashara wadogo wanaouza vikapu vya Ukambani, vinyago vya Wamunyu, mawe ya Kisii na shanga za Kimaasai kupitia intaneti, kuchelewa kwa kifurushi kimoja si jambo dogo. Gharama ya kukituma mara nyingi hukaribia bei ya bidhaa yenyewe. Mteja akidai pesa zake, muuzaji hupoteza bidhaa, gharama ya posta na pengine jina zuri alilolijenga kwa miaka mingi. Naye msusi wa vikapu kijijini hukosa oda ya mwezi unaofuata.

Jambo la kutia moyo ni kuwa kifurushi kilichochelewa aghalabu hakijapotea. Kimekaa mahali fulani kikisubiri stakabadhi, malipo au nafasi katika ndege. Muuzaji anayejua mahali hapo, na anayemweleza mteja ukweli mapema, huwa na nafasi nzuri ya kuokoa mauzo hayo.

Jua kwanza kilipokwama

Kifurushi kinachotumwa kupitia posta kwa njia ya rejista, paseli au EMS hupewa nambari ya ufuatiliaji yenye herufi na tarakimu 13, kulingana na kanuni za Umoja wa Posta Duniani (UPU), shirika lililoundwa mwaka wa 1874 na lenye makao yake Berne, Uswisi. Herufi mbili za kwanza huonyesha aina ya huduma, kisha hufuata tarakimu tisa, na mwishoni herufi mbili za nchi ambako kifurushi kilitumwa. Kilichotoka Kenya huishia kwa KE.

Nambari hiyo haibadiliki kifurushi kikivuka mpaka. Kwa hivyo, muuzaji anayeona tovuti ya posta ya hapa nchini imenyamaza tangu mzigo uondoke Nairobi anafaa kuiandika nambari iyo hiyo katika tovuti ya posta ya nchi ya mteja. Mara nyingi habari mpya huwa huko.

Maelezo anayoyakuta huko yana maana tofauti, na kila moja lina tiba yake. Kifurushi kilichoondoka ofisi ya kimataifa ya Kenya lakini hakijasajiliwa ng'ambo huenda kiko safarini au kimerundikana na mizigo mingine, na kwa siku chache za kwanza hakuna la kufanya ila kusubiri. Kilichozuiliwa na forodha kinahitaji hati au malipo. Kilichopelekwa mlangoni na kukosa mwenyewe kinamhitaji mteja aende posta ya mtaa wake upesi, kabla ya muda wa kukihifadhi kuisha na kianze safari ya kurudi.

Wengi hukosea katika kujua nani amwulize nani. Mbele ya forodha, anayeingiza mzigo nchini kwa kawaida ni mpokeaji, hivyo maafisa humtafuta yeye wala si muuzaji aliyeko Machakos. Ikiwa nambari yake ya simu na barua pepe hazikuandikwa kwenye fomu, ilani inaweza kumpita. Kwa upande mwingine, ombi rasmi la kutafuta kifurushi kilichopotea aghalabu huanzishwa na mtumaji katika posta aliyotumia, akiwa na risiti yake. Kanuni za UPU huruhusu ombi hilo katika muda wa miezi sita tangu siku inayofuata ile ya kutuma. Anayengoja hadi mwezi wa saba kwa matumaini hupoteza haki ya kudai fidia.

Ushuru na karatasi

Sababu kubwa ya kukwama siku hizi ni mabadiliko ya sheria za ushuru katika nchi za wateja. Marekani iliruhusu bidhaa za thamani isiyozidi dola 800 kuingia bila ushuru tangu mwaka wa 2016. Msamaha huo uliondolewa kwa mataifa yote mnamo Agosti 29, 2025, na ushuru wa mizigo ya posta ukatakiwa kulipwa kupitia kwa msafirishaji au kampuni iliyoidhinishwa na forodha ya nchi hiyo.

Posta nyingi duniani hazikuwa tayari. UPU ilitangaza kwamba mashirika 88 ya posta yalikuwa yamesimamisha baadhi ya huduma zao au huduma zote za kuelekea Marekani, na kwamba siku hiyo mizigo ilipungua kwa asilimia 81 ikilinganishwa na wiki moja iliyotangulia. Muuzaji aliyekuwa ameahidi wiki tatu alijikuta bila njia ya kutimiza ahadi, ingawa hakufanya kosa lolote.

Ulaya nako mambo yalibadilika mapema. Tangu Julai 1, 2021, kila bidhaa inayoingia Umoja wa Ulaya kwa biashara hutozwa VAT, hata ikiwa ya bei ndogo. Awali zile zisizozidi euro 22 zilisamehewa. Uingereza, kuanzia Januari 1, 2021, humtaka muuzaji wa ng'ambo atoze VAT wakati wa kuuza bidhaa isiyozidi pauni 135, na mauzo yakifanywa kupitia soko la mtandaoni, mwenye soko ndiye anayetoza. Mteja asiyeambiwa haya hushtuka anapodaiwa pesa zaidi mlangoni, na wengine hukataa mzigo.

Fomu ya forodha ndiyo inayomsemea muuzaji asiyekuwapo. Kwa mizigo ya posta fomu hiyo ni CN22, au CN23 kwa yenye thamani kubwa. Kuandika "zawadi" au "bidhaa za mkono" pekee ni kukaribisha maswali. Maelezo kama "kikapu kimoja cha mkonge, kilichosukwa kwa mkono, hakijatumika", pamoja na uzito, bei halisi, nchi kilikotengenezwa na nambari ya kundi la bidhaa katika orodha ya kimataifa ya forodha, humpunguzia afisa kazi. Vikapu vilivyosukwa, kwa mfano, kwa kawaida huwa katika Sura ya 46 ya orodha hiyo, na kahawa na chai katika Sura ya 9.

Kupunguza bei kwenye fomu ili mteja akwepe ushuru ni hatari maradufu. Forodha ikigundua, mzigo unaweza kutwaliwa. Na ukipotea, aliyeandika dola 10 atapata tabu kudai fidia ya dola 60.

Mweleze mteja kabla hajauliza

Ujumbe mzuri kwa mteja una mambo manne: kifurushi kilionekana wapi mara ya mwisho na tarehe gani, kinasubiri nini, muuzaji amechukua hatua gani, na ni siku gani ataandika tena. Jambo la nne ndilo lenye uzito kuliko yote, kwani ahadi ni deni. Muuzaji akisema ataandika Ijumaa, aandike Ijumaa hata kama hana jipya.

Haifai kumwambia mteja kwamba mzigo utafika kesho iwapo hakuna anayejua. Wala haifai kumtupia posta lawama zote, kwani sheria za nchi nyingi humtazama muuzaji. Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza, bidhaa aliyotumiwa mnunuzi wa kawaida na muuzaji huwa juu ya muuzaji hadi mnunuzi aipokee mkononi. Marekani nayo humtaka anayeuza mtandaoni atume bidhaa katika muda aliotangaza, au siku 30 ikiwa hakutangaza muda, na akishindwa aombe idhini ya mteja ya kuchelewa au arejeshe pesa.

Kusubiri au kurejesha pesa?

Hapa hesabu huhitajika. Tuseme kikapu kinauzwa Sh5,000 na kukituma kunagharimu Sh4,000. Akituma kingine upesi na kile cha kwanza kifike, muuzaji atakuwa ametoa vikapu viwili na Sh8,000 za posta kwa oda moja. Akikataa kusikiliza, mteja anaweza kulalamika kwa kampuni ya malipo. PayPal, kwa mfano, humpa mnunuzi siku 180 tangu alipolipa kulalamika kwamba hakupokea bidhaa, na muuzaji asiye na uthibitisho kwamba mzigo ulifika huwa na nafasi finyu ya kushinda.

Njia ya busara ni kuweka tarehe ya mwisho mapema, kabla ya hasira kupanda. Muuzaji akubaliane na mteja kwa maandishi kwamba kifurushi kisipoonekana kufikia siku fulani, atachagua kurejeshewa pesa au kutumiwa kingine, na kwamba kile cha kwanza kikifika baadaye, atakilipia au atakirudisha. Siku hiyo ikifika, pesa zirejeshwe bila kubishana. Kisha muuzaji aendelee kudai fidia kutoka kwa msafirishaji.

Wanaouza kwa majirani wana nafuu fulani. Bidhaa zilizotengenezwa Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 zinaweza kuvuka Busia, Malaba au Namanga kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, ambacho hutolewa papo hapo mpakani. Hata hivyo, mzigo uliokabidhiwa utingo wa basi bila cheti na bila risiti hauna wa kuutetea ukizuiliwa.

Kwa kila oda, muuzaji anafaa kuhifadhi risiti ya posta, picha ya kifurushi, nakala ya fomu na tarehe kilipofika. Baada ya oda 20 au 30, daftari hilo litamwonyesha muda halisi wa safari kwa kila nchi. Iwapo vifurushi vya Ujerumani huchukua kati ya siku 14 na 35, tangazo lake liseme siku 35, na oda za Krismasi zifungwe mapema mwezi Novemba.

Mteja aliyeambiwa siku 35 na akapokea mzigo siku ya 20 hurudi kununua tena. Aliyeahidiwa siku 10 akapokea siku iyo hiyo ya 20 huona kwamba alidanganywa, ilhali posta ilifanya kazi ile ile kwa wote wawili.