Nyumba Yako na Hati ya Bima

Watu wengi wakisha kukata bima ya nyumba huiweka ile hati sandukuni pamoja na hati ya nikahi na vyeti vya watoto, wala hawaifungui tena mpaka siku ya msiba. Siku hiyo jiko limeungua, watoto wamelala kwa jirani, na mkadiriaji wa hasara amekuja na daftari lake. Naye haulizi umepoteza nini tu, bali auliza pia uliandika nini. Basi yafaa, ndugu msomaji, tuifungue hati hiyo sasa, hali nyumba zetu zimesimama salama.

Hati hizi, kama zitolewavyo Kenya, zina mafungu mbalimbali. Fungu moja ni la jengo, yaani kuta, paa, milango na mabomba. La pili ni la vyombo vya ndani. Yako na mengine: vitu vya thamani vichukuliwavyo nje ya nyumba, mtumishi akiumia kazini, na dhima ya mwenye nyumba iwapo mgeni ameangukiwa na kitu. Kila fungu lalipiwa mbali. Aliyelipia jengo peke yake, wezi wakaja wakachukua cherehani na televisheni, hana dai. Mwenye kununua nyumba kwa fedha za benki na akumbuke kuwa benki hutaka bima ya jengo ili kulinda deni lake. Makochi yako si shughuli yake.

Katika Mombasa kuna wengi wenye nyumba juu ya ardhi ya mtu mwingine, ile iitwayo nyumba bila ardhi. Baadhi yao hudhani kuwa bila ya hati ya ardhi hawana la kukatia bima. Sivyo. Ardhi haiungui, kinachokatiwa bima ni jengo, na mwenye jengo ndiye apatae hasara likianguka. Walakini aieleze kampuni wazi hali ilivyo, kwani bima ni mkataba wa ukweli, na jambo lililofichwa mwanzo laweza kuvunja dai mwishoni. Kadhalika paa likiwa la makuti, liandikwe makuti, ijapokuwa ada itazidi.

Sasa tuje kwenye kanuni iliyowaliza wengi. Tuseme nyumba yako, ikianguka leo, yahitaji Sh 6,000,000 kuijenga tena. Wewe, ili ada ipungue, ukaandika Sh 3,000,000. Moto ukashika jikoni, hasara ikawa Sh 800,000. Utajiambia: mimi nimekata milioni tatu, na hasara haifiki hata milioni moja, basi nitalipwa yote. Hutalipwa yote. Utapewa Sh 400,000, tena baada ya kutolewa kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho kila mwenye bima hujichukulia mwenyewe. Sababu ni kuwa uliikatia nyumba nusu ya thamani yake, na ile nusu nyingine uliibeba wewe. Kwa maoni yangu kanuni hii si dhuluma. Lililo baya ni wakala kumtia mtu saini bila ya kumweleza. Na wengi huingia katika shimo hili bila ya hila yoyote: waliandika thamani ya kweli miaka kumi iliyopita, saruji na mabati vikapanda bei, nao hawakuigusa hati. Kuandika kupita kiasi nako hakufai kitu, kwa kuwa fidia ni ya kurudisha kilichopotea, si ya kumtajirisha mtu.

Yako pia yasiyolipwa kabisa: mchwa, ukuta uliochakaa kwa umri, paa lililovuja miaka. Wizi aghlabu haulipwi ila pawe na dalili ya kuvunja. Na nyumba iliyofungwa tupu kwa muda mrefu, mara nyingi zaidi ya siku 30, huweza kutoka katika kinga ya wizi. Jamaa wanaokwenda Umra kisha wakapitia kwa ndugu zao Oman waiarifu kampuni kabla ya kusafiri. Dhahabu za mama wa nyumba, khasa zile za mahari yake ambazo ni mali yake mwenyewe, ziandikwe kipande kwa kipande na bei zake, kwani hati nyingi huweka kikomo kwa kila kitu kimoja kisichotajwa.

Ama kwa upande wa sharia, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika mkutano wake wa Jeddah wa Desemba 1985, iliamua kuwa bima ya biashara yenye ada maalumu ina gharari kubwa na kwa hiyo ni haramu, ikaelekeza watu kwenye bima ya kusaidiana. Wako wanazuoni walioihalalisha, kama Sheikh Mustafa al-Zarqa wa Sham. Katika takaful kila mmoja hutoa mchango katika mfuko wa pamoja, apatwae hulipwa humo, na msimamizi hupokea ujira wake uliojulikana. Asili yake yafanana na desturi ya Maashaari aliyoisifu Mtume (s.a.w.): chakula kikipungua walikikusanya katika nguo moja wakakigawa sawasawa. Kampuni ya Takaful Insurance of Africa ilianza kazi Kenya mwaka 2011.

Lakini jina la takaful halibadilishi hesabu: hata humo, aliyeandika nusu ya thamani asitaraji kulipwa hasara nzima. Na huko nako dai lataka ushahidi. Hasara iarifiwe upesi kwa maandishi, wizi upelekwe polisi, na orodha ya vyombo pamoja na risiti na picha zake viwekwe kwa ndugu au jamaa mwaminifu, wala visiwekwe katika kabati la nyumba ile ile.