Marubani wa Majaribio na Ndege za Kwanza za Jeti

Katika bweni letu wamo vijana wengi wanaotaka kuwa marubani, na kila mazungumzo yakifika kwa marubani wa majaribio husema kwamba hao ni watu wasioogopa kufa. Mimi sikubaliani nao. Nimesoma habari za watu hao kwa muda wa likizo mbili, na naona kwamba kazi yao hasa ni ya uchunguzi: kupaa na chombo ambacho tabia yake bado haijulikani, kuangalia kila kinachotokea, na kurudi chini na habari kamili. Rubani akifa bila kuacha habari, mwenzake atakayeshika nafasi yake ataingia katika hatari ile ile bila kuijua.

Kwanza yafaa nieleze kwa kifupi jinsi injini ya jeti ifanyavyo kazi. Ukipuliza puto ukaliachia bila kulifunga, hewa hutoka upande mmoja na puto lenyewe hukimbilia upande wa pili. Jeti ni vivyo hivyo, ila hewa yake haiishi. Huingia kwa mbele, ikashindiliwa na mapanga madogo yazungukayo upesi, ikatiwa mafuta na kuwashwa, kisha ikatoka nyuma kwa nguvu nyingi. Katika kutoka huzungusha gurudumu lenye mapanga, nalo ndilo liendeshalo yale ya mbele. Ndege ya kwanza duniani kuruka kwa injini ya namna hii peke yake ilikuwa Heinkel He 178 ya Ujerumani, tarehe 27 Agosti 1939, rubani akiwa Erich Warsitz. Waingereza waliirusha ya kwao, Gloster E.28/39, tarehe 15 Mei 1941.

Ndege ninayotaka kuieleza zaidi ni Messerschmitt Me 262, ndege ya kivita ya Wajerumani. Mwili wake ulikuwa tayari kabla ya injini zake, kwa hiyo mwaka 1941 ilirushwa kwa injini ya kawaida yenye pangaboi puani. Tarehe 25 Machi 1942 rubani Fritz Wendel alipaa nayo ikiwa na jeti mbili chini ya mabawa, na lile pangaboi likaachwa pale pale kwa tahadhari. Tahadhari hiyo ndiyo iliyomwokoa. Punde baada ya kupaa jeti zote mbili zilizimika, maana mapanga ya ndani yalivunjika, akarudi uwanjani kwa nguvu za pangaboi tu.

Tarehe 18 Julai 1942, katika uwanja wa Leipheim, Wendel alijaribu tena kwa jeti za aina nyingine, na safari hii pangaboi halikuwapo kabisa. Ndege nyingi za siku zile zilisimama juu ya magurudumu mawili ya mbele na kigurudumu kidogo cha mkiani, pua ikielekea juu. Ndege ya pangaboi ikianza kukimbia, upepo wa pangaboi huvuma juu ya mkia, na rubani akisukuma usukani mbele mkia huinuka, ndege ikanyoka. Jeti haina upepo huo. Wendel alikimbia mpaka kasi ya kilomita 180 kwa saa, na mkia haukuinuka, kwa sababu mabawa yaliyolala namna ile yaliukinga usipate hewa. Akaacha, akaisimamisha ndege.

Ushauri aliopewa ni wa ajabu: akifika kasi ile ile, aguse breki. Hebu fikiri, msomaji, mtu ataka kupaa naye aambiwa afunge breki! Lakini yeyote aliyewahi kubana breki ya mbele ya baiskeli kwa ghafula ajua jinsi gurudumu la nyuma linavyoinuka. Akigusa mno, pua ingechimba ardhi. Akigusa kidogo mno, uwanja ungemwishia. Wendel aligusa kwa kipimo chake. Mkia ukainuka, ukapata hewa, na ndege ikapaa kwa muda wa dakika 12. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo rubani mwingine, Heinrich Beauvais, alijaribu kuirusha ndege ile ile, ikashindwa kupaa na kuharibika, mwenyewe alipona. Baadaye ndege hizo zikawekewa gurudumu chini ya pua, na shida hiyo ikaisha.

Sitaki kuisifu ndege hiyo kupita kiasi. Wafungwa wengi wa kambi za mateso walilazimishwa kufanya kazi ya kuiunda, na jambo hilo halistahili kusahauliwa na sisi tunaopenda kutazama picha zake.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Mwingereza mmoja aitwaye Eric Brown aliijaribu Me 262 iliyotekwa. Huyu ndiye rubani ninayemheshimu kupita wote, nami nitaeleza kwa nini. Tarehe 27 Septemba 1946 Geoffrey de Havilland, mwana wa mwenye kiwanda cha ndege, aliruka kwa ndege mpya ya jeti iitwayo DH.108, isiyokuwa na mabawa madogo ya mkiani. Alikuwa akijiandaa kuvunja rekodi ya kasi ya dunia. Ndege ikavunjika angani juu ya mlango wa mto Thames, naye akafa, shingo ikiwa imevunjika.

Mwaka 1949 Brown alipaa na DH.108 nyingine ili kutafuta sababu. Alipokaribia asilimia 88 ya kasi ya sauti, pua ilianza kwenda juu na chini kwa nguvu na upesi mno, hata kidevu chake kikawa kinapiga kifua. Hapo mtu wa kawaida angevuta kila kitu kwa pupa. Brown alikuwa amekwisha kujizoeza atakalofanya: akarudisha usukani na wenzo wa mafuta polepole, vyote viwili pamoja, na mtikiso ukakoma. Aliamini kwamba ufupi wake ulichangia kumwokoa, kwa kuwa de Havilland alikuwa mtu mrefu.

Ndege za DH.108 zilikuwa tatu tu. Mbili zilizobaki zilianguka mwaka 1950, marubani wake wakafa. Zilikuwa zimeundwa kutafuta maarifa kwa ajili ya ndege ya abiria iitwayo Comet, ambayo mwishowe ilipewa mkia wa kawaida. Comet ndiyo iliyoanzisha safari za abiria kwa jeti tarehe 2 Mei 1952, kutoka London kwenda Johannesburg, na mojawapo ya vituo vyake njiani ilikuwa Entebbe.